Dunia imepata joto na baridi mara nyingi. Kwa nini mara chache tu ndiyo viumbe waliisha karibu wote?

MwalimuNeema aliandika:

Habari za humu wakuu.

Nafundisha baiolojia sekondari. Nina mwanafunzi mmoja anayekaa nyuma, haandiki kitu mpaka apate cha kupinga, na safari hii kanibana. Kitabu chetu kinasema yamewahi kutokea matukio makubwa matano ya kutoweka kwa viumbe, na chanzo kilichoandikwa ni "mabadiliko ya mazingira". Basi. Yeye anasema mazingira hubadilika wakati wote. Ndani ya miaka milioni moja iliyopita barafu imesambaa na kurudi nyuma tena na tena, bahari imeshuka zaidi ya mita mia ikapanda tena, na bado tembo wapo, mende wapo, samaki wapo. Iweje mabadiliko hayo yapite hivihivi, na mengine yamalize robo tatu ya spishi zote?

Na mimi nina langu. Nikisoma habari za volkeno za Siberia naambiwa zililipuka, halafu mstari unaofuata naambiwa wanyama wa baharini walikufa dunia nzima. Hapo katikati pameachwa wazi. Volkeno iko bara, kaskazini kabisa. Konokono yuko chini ya bahari upande mwingine wa dunia. Ni nini hasa kilichomfikia? Naomba anayejua anipe mnyororo wenyewe, asiniambie tu kwamba "hali ya hewa iliharibika".

Kipanga_01:

Kimondo, mwalimu. Mwambie kimondo, kengele igonge, muende mapumziko.

Chujio63:

Kimondo kinabeba tukio moja kati ya hayo matano, Kipanga. Tutalifikia.

Mwalimu, nijitambulishe kidogo ujue naongea nikiwa wapi. Kazi yangu ni kuchuja mashapo ya bahari za kale. Naloweka udongo uliogeuka jiwe mpaka ulainike, naupitisha kwenye chujio la maikroni 63 (jina langu la humu limetoka hapo), kisha nakaa kwenye hadubini na brashi yenye unywele mmoja mmoja nikiokota foraminifera. Hawa ni viumbe wa seli moja wanaojijengea vigamba vya chokaa. Kwa hiyo mimi dinosaria simjui. Ninachokijua ni tabaka lililojaa vigamba vya kila sura, na tabaka linalofuata ambalo nusu ya sura hizo hazimo.

Nianze na Siberia kwa sababu umeomba mnyororo, na kwa sababu ndilo tukio kubwa kuliko yote. Ni mwisho wa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 iliyopita. Makadirio ya zamani yalikuwa kwamba asilimia 96 ya spishi za baharini zilipotea. Hesabu mpya zinashuka mpaka kama 81. Chagua unayotaka, bado ni msiba.

Lava ilifunika eneo la kilomita za mraba milioni kadhaa. Watu huishia hapo, wakidhani lava ndiyo iliyoua. Lava iliua waliokuwa chini yake. Ubaya mkubwa ulifanywa na ile magma (mwamba ulioyeyuka) ambayo haikufika juu. Ilijipenyeza kando kando katikati ya miamba ya zamani ya bonde la Tunguska, na miamba hiyo ilikuwa na makaa ya mawe, mafuta, chokaa na chumvi nyingi. Ikavioka. Makaa yakatoa hewa ukaa na metani, chokaa nayo ikatoa hewa ukaa, chumvi ikatoa gesi za klorini zinazokula ozoni. Magma ileile ikipita kwenye miamba isiyo na vitu hivyo, habari inakuwa nyingine kabisa. Lava ya Paraná na Etendeka, iliyomwagika miaka kama milioni 134 iliyopita mahali ambapo leo ni Brazili na Namibia, ilikuwa kubwa mno pia, na hakuna maangamizi makubwa yaliyoandamana nayo. Ukipenda mwambie kijana wako kwamba hata volkeno inategemea imekaa juu ya nini.

Sasa konokono wako. Hewa ukaa ikishatoka huchanganyika na anga ya dunia nzima ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo umbali haumkingi. Joto likapanda. Maji ya juu ya bahari za tropiki yaliongezeka takriban nyuzi 10. Hilo tunalisoma kwenye isotopu za oksijeni (atomi za oksijeni zenye uzito tofauti) zilizohifadhiwa katika meno madogo ya konodonti, wanyama walioogelea wakati huo, mengi yakiwa yametoka kwenye miamba ya China.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani wanyama walichemka. Wengi wao walikosa pumzi. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Hiyo ni fizikia tu. Na mnyama ambaye joto la mwili wake hufuata joto la maji, akipata joto, mwili wake huchoma chakula haraka zaidi na kudai oksijeni nyingi zaidi. Ni kama mpangaji aliyepandishiwa kodi mwezi uleule aliokatwa mshahara. Juu ya hapo, ncha za dunia zilipopata joto, maji yake yaliacha kuzama chini kwa nguvu ya zamani, na kuzama huko ndiko kulikokuwa kukipeleka oksijeni vilindini. Juu ya hapo tena, misitu ya nchi kavu ilikuwa imekufa, mvua ikasomba udongo usioshikwa na mizizi, rutuba ikamwagika baharini, mwani ukastawi kupita kiasi, ukafa, ukaoza, na kuoza kunakula oksijeni ileile kidogo iliyobaki. Sehemu nyingine maji yalifika hatua ya kutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya yai viza, ambayo ni sumu. Ushahidi wake ni miamba myeusi yenye fuwele ndogondogo za pairaiti, madini ya chuma na salfa.

Pigo jingine ni tindikali. Bahari ikinywa hewa ukaa nyingi kwa haraka, malighafi ya kujengea gamba hupungua. Mnyama bado anaweza kujenga, ila kwa gharama kubwa, wakati hana oksijeni ya kulipia gharama hiyo.

Tunajuaje kwamba sijatunga? Angalia orodha ya waliokufa. Matumbawe yote ya aina za kale, yakaisha. Trilobiti, wadudu-bahari wenye gamba la pingili, ambao walikuwa wameshakuwepo kwa zaidi ya miaka milioni 250, wakaisha. Brakiopodi (wenye magamba mawili kama kombe) na krinoidi (jamaa wa kiti cha pweza wenye shina) wakapigwa vibaya sana. Hawa wengi wao walikuwa na magamba au mifupa mizito ya chokaa, na mifumo dhaifu ya kupumua na kusafirisha damu. Konokono na makombe, wenye matamvua ya maana, waliumia lakini walivuka kwa idadi kubwa zaidi. Baada ya maafa, kombe mmoja aitwaye Claraia akaenea sakafu za bahari karibu kila mahali, naye alikuwa mtaalamu wa kuishi penye oksijeni kidogo. Muuaji angekuwa njaa peke yake, au mionzi peke yake, orodha isingekuwa hii.

Mwaka 2018 Justin Penn, Curtis Deutsch na wenzao walichapisha kazi moja katika jarida la Science. Waliweka kwenye kompyuta bahari ya Permi, wakaipasha joto, wakapunguza oksijeni, wakauliza nani atakosa makazi. Hayo mawili tu yalieleza zaidi ya nusu ya vifo vya baharini. Tena modeli ilitabiri kwamba vifo vingezidi upande wa ncha za dunia, kwa kuwa wa tropiki wangeweza kusogea kuelekea kwenye baridi, lakini aliyekwisha kuwa kwenye baridi ya mwisho hana pengine pa kwenda. Wakalinganisha na visukuku. Vikakubali.

MwalimuNeema:

Chujio63, asante sana, nimeisoma mara mbili. Hiyo ya kodi na mshahara naichukua.

Lakini kijana atarudi na barafu. Wewe umeeleza joto. Yeye swali lake ni kwa nini baridi ya juzijuzi haikuua. Na je, kuna baridi iliyowahi kuua?

Jasiri_T:

Naomba nitofautiane kidogo na wakuu. Dunia imeshapitia hayo yote na ikajirekebisha yenyewe. Hata leo volkeno moja ikilipuka inatoa hewa ukaa kuliko viwanda vyote, hilo halisemwi. Binadamu tunajipa ukubwa ambao hatuna.

Chujio63:

Nianze na mwalimu.

Baridi imeshaua, na iliua vibaya. Tukio la kwanza kabisa kati ya yale matano, mwishoni mwa Odovisi, miaka kama milioni 445 iliyopita, lilianza na barafu. Bara la Gondwana lilikuwa limekaa juu ya ncha ya kusini, na sehemu iliyokuwa pale ni ile tunayoiita Sahara leo. Huko Algeria iko miamba yenye michirizi iliyokwanguliwa na barafu ikitambaa. Jua la jangwani linapiga juu ya alama za barafu. Mimi picha zile sizichoki.

Wakati huo karibu uhai wote wa maana ulikuwa baharini, hasa kwenye bahari pana za maji mafupi zilizofunika mabara. Maji yalipogeuka barafu, usawa wa bahari ukashuka kwa makumi ya mita na bahari zile zikakauka. Aliyezoea maji ya vuguvugu ya mita ishirini akabaki na ukingo mwembamba wa bara unaodidimia ghafla kwenye kina. Kisha barafu ikayeyuka, joto likarudi, na maji yenye oksijeni duni yakapanda juu ya wale waliokuwa wameshazoea baridi. Asilimia kama 85 ya spishi za baharini zikapotea katika mapigo hayo mawili.

Sasa linganisha na barafu za juzi. Mabadiliko yalikuwa makubwa, kijana wako yuko sahihi. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120. Ila viumbe wale walikuwa wamezaliwa ndani ya mtikisiko. Mizunguko ya barafu imeendelea kwa miaka milioni 2.6, wasioweza kuhama walishachujwa mapema, waliobaki ni wahamaji. Mfano ninaoupenda ni wa mende. Russell Coope, mtafiti wa Uingereza, alitumia maisha yake kuchambua vipande vya mende kutoka kwenye tope la zama za barafu. Alikuta mende mmoja wa mavi, Aphodius holdereri, akiwa wa kawaida Uingereza wakati wa baridi. Leo mende huyo anaishi kwenye uwanda wa juu wa Tibet. Hakugeuka kuwa spishi nyingine wala hakufa. Hali ya hewa yake ilihama, naye akaifuata, kizazi kwa kizazi, mpaka katikati ya Asia. Njia ilikuwa wazi.

Kwa hiyo ukubwa wa mabadiliko peke yake hautoshi kueleza. Uliza yamekuja kwa kasi gani, na mnyama ana pa kukimbilia au hana. Bahari ya Odovisi iliyokauka haikuacha pa kukimbilia. Ulaya ya zama za barafu iliacha. (Mamothi na wakubwa wenzake ni kesi nyingine. Walikuwa wameshavuka vipindi vya joto kadhaa kabla ya kile cha mwisho, na kilichokuwa kipya safari ya mwisho ni binadamu mwenye mkuki. Wapo wanaobisha. Mimi sijashawishika na ubishi wao.)

Jasiri_T, ndugu yangu, hiyo ya volkeno imezunguka sana mitandaoni lakini hesabu zake hazipo. Volkeno zote za dunia ya leo, za nchi kavu na za chini ya bahari, hutoa chini ya tani bilioni moja za hewa ukaa kwa mwaka. Uchomaji wetu wa makaa, mafuta na gesi unatoa zaidi ya tani bilioni 35. Ndiyo maana kiwango angani kimetoka kama sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda na sasa kimepita 420.

Kuhusu kujirekebisha, sikatai. Dunia hujirekebisha. Mvua hula miamba polepole, na kemia ya kulika huko huondoa hewa ukaa angani. Kazi hiyo huchukua zaidi ya miaka 100,000. Baada ya Permi ilikuwa mbaya zaidi: kwa takriban miaka milioni 10 hatupati makaa ya mawe mapya popote duniani, maana misitu ya vinamasi inayotengeneza makaa haikuwepo.

Jasiri_T:

Sawa, takwimu nimezipata. Lakini kama Permi joto liliongezeka nyuzi 10, sisi hatujafika hata mbili. Mnatutisha.

Chujio63:

Swali zuri, na hapo umeingia shambani kwangu.

Liko tukio la miaka milioni 56 iliyopita, mpaka wa vipindi viwili vya kijiolojia, Paleosini na Eosini. Joto lilipanda nyuzi 5 au 6 ndani ya miaka elfu chache. Ukitoboa sakafu ya bahari, kwa mfano kwenye safu ya milima ya chini ya maji ya Walvis, magharibi mwa Namibia, ambako meli ya utafiti ilitoboa mwaka 2003, unapata tope jeupe la vigamba vya chokaa, mara linakatika, linakuja udongo mwekundu, kisha weupe unarudi taratibu. Ule wekundu ni mahali ambapo chokaa yote iliyeyushwa na tindikali. Ukiweka sampuli za chini na juu ya mstari huo kwenye hadubini, foraminifera wa sakafu ya kilindi wamepungua: kati ya theluthi moja na nusu ya spishi zao zilikwisha. Wa juu, wanaoelea, wengi wao walihama tu, wa tropiki wakaenda kaskazini na kusini. Wanyama wa nchi kavu walihama pia, na baadhi yao wakawa wadogo kwa umbo, farasi wa mwanzo akiwemo. Halikuwa tukio la sita.

Hilo ni la kukufariji. Lisilofariji ni kwamba Richard Zeebe na wenzake mwaka 2016 walikadiria kasi ya kaboni iliyotoka wakati huo. Kasi yetu ya leo ni takriban mara kumi yake. Na mwisho wa Permi penyewe, kwenye miamba ya Meishan, jimbo la Zhejiang, zirkoni (fuwele zinazopimwa umri) za majivu ya volkeno zinaonyesha vifo vilitokea ndani ya miaka kama 60,000, ukiweka na utata wa vipimo wa makumi ya maelfu. Sisi tunahesabu kwa karne. Usinilinganishie nyuzi bila kunilinganishia muda.

BintiVyura:

Naingilia kidogo. Mimi ni wa upande wa viumbe walio hai, nilisomea amfibia, yaani vyura na jamaa zao. Nadhani mnasahau kwamba mara nyingi mazingira hayaui yenyewe moja kwa moja. Yanadhoofisha, mwingine anamalizia.

Mfano ni chura wa Kihansi, Tanzania. Mdogo sana, wa manjano, anazaa watoto hai badala ya kutaga, na makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani yanayoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Aligunduliwa mwaka 1996. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji yaliyoporomoka yalipungua kwa takriban asilimia 90 na mvuke ukakatika. Wakafunga mifumo ya kunyunyizia maji, chura wakaongezeka tena, watu wakapumua. Kisha mwaka 2003 idadi ikaanguka ghafla, na kuvu la chitridi, linaloshambulia ngozi ya vyura, likakutwa kwao. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Amepona kwa sababu takriban 500 walikuwa wameshapelekwa kufugwa Marekani, na mwaka 2012 kurudishwa kukaanza.

Ukiuliza ni bwawa au ni kuvu, utabishana mpaka kesho.

Chujio63:

BintiVyura umenena, na umenikumbusha kitu. Mwenye hekta mbili hufa hata katika siku za kawaida, na mwenye mabara mawili hupona. Eneo kubwa ni bima. David Jablonski alichunguza konokono na makombe wa pwani za Ghuba ya Meksiko na Atlantiki ya Marekani Kaskazini, akachapisha mwaka 1986. Alikuta kwamba kabla ya maangamizi ya mwisho wa Kretasi, yale yaliyomaliza dinosaria, spishi yenye eneo kubwa na mabuu (watoto wachanga) wanaosafiri mbali ilikuwa na usalama zaidi. Wakati wa maangamizi yenyewe faida hizo hazikufanya kazi. Iliyobaki na maana ni kama jenasi nzima (kundi la spishi za karibu) ilikuwa imesambaa kwenye kanda nyingi za dunia. Yaani sheria za siku za kawaida ziliacha kufanya kazi, na mnyama aliyekuwa amejiandaa vizuri kwa miaka milioni nyingi akakuta amejiandaa kwa mtihani mwingine.

Kipanga_01:

Naona mmefika Kretasi. Kimondo changu sasa?

Chujio63:

Haya, chukua kimondo chako. Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter, pamoja na Frank Asaro na Helen Michel, walitangaza kwamba udongo mwembamba wa Gubbio, Italia, una iridi nyingi kuliko kawaida, na iridi ni metali adimu kwenye ganda la dunia lakini si adimu kwenye vimondo. Baadaye shimo lenyewe likapatikana Chicxulub, rasi ya Yucatán, Meksiko, upana wake kama kilomita 180.

Lakini hata kimondo huua kupitia mazingira. Wanyama walioangukiwa walikuwa wachache. Pale Yucatán palikuwa na jasi nyingi, ambayo ina salfa. Walipotoboa shimo hilo mwaka 2016, jasi iliyojaa kwenye miamba ya pembeni haikuonekana katika sehemu waliyotoboa. Ilikuwa imeruka angani. Salfa, masizi na vumbi vikaziba jua, mimea na plankitoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) wakakosa mwanga, na kila aliyetegemea chakula kibichi cha siku ileile akafa njaa katika baridi. Waliokula takataka na mizoga, kama wengi wa viumbe wa mito, walipata nafuu.

Kwenye hadubini ni kinyume kabisa cha lile tukio la miaka milioni 56. Mwisho wa Kretasi, foraminifera wanaoelea juu walipoteza zaidi ya asilimia 90 ya spishi. Chini ya mstari ni wakubwa, wenye mapambo. Juu ya mstari ni vidude vidogo visivyo na urembo wowote, Guembelitria na wenzake. Wa kilindini karibu hawakuguswa. Miaka milioni 10 baadaye wa juu wanahama salama, wa kilindini ndio wanaokufa. Giza liliua kutoka juu. Joto, tindikali na uhaba wa oksijeni viliua kutoka chini. Ndiyo maana ule ubishi wa volkeno dhidi ya kimondo unanichosha wakati mwingine; lava ya Deccan, India, nayo ilikuwa inamwagika zama hizohizo, watu wanagombana tangu nikiwa mwanafunzi, na wengi wao hawaulizi nani alikufa na alikuwa anaishi wapi.

MwalimuNeema:

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la mwisho, maana najua litakuja: je, tumeshaingia tukio la sita?

Na nimewaza zoezi. Sitawaambia chanzo. Nitawapa orodha ya waliokufa na waliopona, wakisie ni mazingira gani yaliyobadilika.

BintiVyura:

Kwa upande wangu: takriban asilimia 41 ya spishi za amfibia ziko hatarini kutoweka. Lakini "hatarini" bado maana yake wapo. Hilo waambie pia, watoto wakichora makaburi tu hawatafanya kitu.

Chujio63:

Kwa kipimo tunachotumia, yaani robo tatu ya spishi ndani ya muda mfupi wa kijiolojia, hatujafika, na ningekuwa mwangalifu na anayesema tumefika. Waliothibitishwa kutoweka tangu mwaka 1500 ni mamia, si mamilioni. Kinachonitia wasiwasi ni kasi, ambayo iko juu sana kuliko ya kawaida, na njia. Mende wa Coope leo angekutana na mashamba, miji na barabara kabla hajafika popote. Panya wa Bramble Cay, kisiwa kidogo kaskazini mwa Australia, hakuwa na pa kwenda maji yalipokuwa yakifunika majani yake. Serikali ya nchi hiyo ilimtangaza ametoweka mwaka 2019.

Zoezi lako nimelipenda. Nenda na Permi, usitaje Siberia. Wape matumbawe, trilobiti, krinoidi, Claraia, konokono. Na uwatege kwa konodonti, ambao meno yao yalikuwa ya fosfati, siyo chokaa, nao walivuka. Darasa zima litasema fosfati ndiyo iliyowaokoa. Hapo waambie kwamba konodonti walikuja kuisha mwishoni mwa Triasi, kipindi kilichofuata Permi, miaka kama milioni 50 baadaye, wakati bahari ilipojaa tena hewa ukaa, wakiwa na meno yaleyale ya fosfati. Yule wa nyuma mpe yeye aeleze.